Je, nitageuka askari wa watafiti wenzangu?

*“Shikamoo mwalimu. Nina miaka 34, naishi Mwanza. Kwa miaka tisa nimekuwa mratibu wa kazi za uwandani kwenye miradi ya afya: naajiri wadodosaji, nasimamia madodoso, nasafisha data. Nina shahada ya uzamili, uzamivu sina. Sasa asasi moja ndogo isiyo ya kiserikali, inayohimiza utafiti unaofanywa kwa uadilifu, imeniita kwenye usaili wa nafasi ya mkurugenzi mtendaji. Ina watumishi wanne na ruzuku inayoisha baada ya miezi 18. Wenzangu wananicheka kwamba nakwenda kuwa askari wa kukamata maprofesa, wengine wanasema nitakufa njaa. Mke wangu anataka jibu, na mimi nalitaka pia. Hapa kuna kazi ya maisha, au ni kituo cha kushukia tu? Halafu kuna jambo linanisumbua: kwenye mradi nilipo sasa nimekutana na fomu 14 zinazofanana mno. Sijamwambia mtu.”*

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza habari ya ajira, lakini sentensi iliyonishika ni ile uliyoichomeka mwishoni, kama mgonjwa anayemtajia daktari maumivu yenyewe akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Naanza na fomu zako 14, maana namna utakavyozishughulikia ndiyo kazi unayokwenda kufanyiwa usaili, ukilipwa au usilipwe.

Kwanza, usiseme zimepikwa. Hujui bado. Nimeona vipimo vya shinikizo la damu ambavyo karibu vyote vimeishia na sifuri, watu wakapiga kelele, kumbe ni wahudumu waliochoka waliokuwa wakikadiria hadi kwenye namba ya mviringo. Huo ni uzembe, na uzembe una dawa yake. Nimeona kishikwambi kikituma fomu ileile mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika katikati. Na kaya kumi zinazochota maji kwenye kisima kimoja, zinazotibiwa kwenye zahanati moja, zitakupa majibu yanayofanana bila mtu yeyote kudanganya. Kwa hiyo angalia saa. Fomu ilifunguliwa lini, ikafungwa lini, na mdodosaji alikuwa wapi? Dodoso la dakika 40 likikamilika kwa dakika sita, mara 14, mahali palepale, hapo tunazungumza jambo jingine. Hata hapo, hatua inayofuata ni kuomba kaya chache zirudiwe na mtu mwingine. Kabla ya hapo usimwite kijana wa watu mbele ya timu.

Tuseme sasa zimepikwa kweli. Wengi wetu tunakimbilia tabia: kijana si mwaminifu, afukuzwe. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuutazama mradi mmoja, siutaji, ambao timu nzima ilikuwa ikijaza fomu chini ya mwembe. Lengo lilikuwa kaya 12 kwa siku kwa kila mtu. Kaya zenyewe zilitawanyika kwenye vilima viwili, ilikuwa masika, na nauli ya bodaboda haikuwemo kwenye bajeti. Malipo yalikuwa kwa fomu. Aliyejitahidi akafika kaya saba alirudi jioni na posho pungufu na karipio juu yake. Aliyefika tatu na nyingine akazimalizia kivulini alisifiwa kwa kasi. Baada ya wiki mbili wote walikuwa kivulini. Vijana walewale niliwakuta mwaka uliofuata kwenye mradi mwingine, wanalipwa kwa siku, wana usafiri, na kazi yao ilikuwa safi.

Tangu hapo, nikiletewa andiko la utafiti nalifungua kwanza kwenye bajeti, kisha ndiyo narudi kwenye sura ya maadili. Sura ya maadili kila mtu anajua kuiandika.

Hapo ndipo wenzako wanaokucheka wanapokosea. Wanadhani uadilifu wa utafiti ni habari ya wezi. Wezi wapo, ila ni wachache kuliko tunavyodhani. Mwaka 2009 Daniele Fanelli alikusanya pamoja tafiti zilizowauliza wanasayansi wenyewe, na takriban asilimia 2 walikiri kuwahi kubuni, kughushi au kubadilisha data angalau mara moja. Lakini hadi theluthi moja walikiri mambo mengine yenye mashaka. Mwaka huohuo Iain Chalmers na Paul Glasziou walikadiria katika jarida la Lancet kwamba asilimia 85 ya uwekezaji katika utafiti wa tiba inapotea: maswali yasiyo na maana kwa mgonjwa, mpangilio mbovu, matokeo yasiyochapishwa, au ripoti zisizoeleweka. Unaweza kubishana na makadirio yao, ila uone uzito ulikolalia. Askari hana pa kuanzia kwenye utafiti ambao hakuna aliyeiba, umeharibika tu.

Nikupe mfano wa asasi inayofanana na hiyo iliyokuita. Uingereza kuna UK Research Integrity Office, iliyoanzishwa mwaka 2006. Haina mamlaka ya kisheria hata kidogo. Haiwezi kumwita profesa, haiwezi kumnyang’anya mtu ruzuku wala kufuta makala yake. Tuhuma ikitokea, anayechunguza ni mwajiri. Wao wanatoa mwongozo na mafunzo, na zaidi ya yote wanapokea maswali ya watu: mtafiti, mwanafunzi, afisa wa chuo, hata mgonjwa aliyeshiriki kwenye jaribio. Kwetu hali haiko mbali na hapo. Vibali vinatoka COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na kwa utafiti wa afya kuna kamati ya kitaifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kwa majirani Kenya kuna NACOSTI, tume yao ya sayansi na teknolojia. Hao ndio wenye meno. Asasi ya hiari inayojifanya ina meno hudumu mwaka mmoja, kisha hakuna anayeifungulia mlango.

Utakachokuwa nacho ni simu. Nasema kwa uzoefu wa miaka saba ya kuongoza asasi ya namna hiyo: mikutano na mabango yana nafasi yake, lakini siku niliyojua tumeanza kufanya kazi ni siku simu ilipolia saa mbili usiku, binti mmoja akanong’ona kwamba msimamizi wake anataka jina la rafiki yake liingie kwenye makala ambayo huyo rafiki hajaandika hata mstari. Hakutaka tumshitaki mtu. Alitaka kujua kama ana wazimu au yuko sahihi, na amjibu nini kesho asubuhi. Tulizungumza dakika 50, tukatunga pamoja barua pepe ya mistari minne yenye adabu. Kazi ikaishia hapo, na kwenye ripoti ya mfadhili haikuwa na safu ya kuijaza.

Kwa nini simu hiyo ina thamani? Mwaka 2011 Uholanzi ilitikiswa na Diederik Stapel, profesa wa saikolojia ya jamii pale Chuo Kikuu cha Tilburg, aliyebuni data kwa miaka. Makala zake zaidi ya 50 zilifutwa. Waliomgundua ni watafiti vijana watatu waliokuwa chini yake. Walitazama kimya kwa miezi, wakikusanya na kuhakikisha, kabla ya kuthubutu kusema. Wakubwa wenzake waliokuwa wakisoma makala hizohizo hawakuona kitu, au hawakutaka kuona. Anayeona kwanza karibu siku zote ni mtu mdogo: mdodosaji, mtunza data, mwanafunzi wa uzamili. Mtu mdogo hana wa kumwuliza ndani ya jengo lake, kwa sababu kila aliye juu yake anafahamiana na mhusika. Akipata sikio nje ya jengo, jambo linajulikana likiwa bado dogo. Nawe leo ni mtu mdogo huyo, umeniandikia mimi.

Sasa swali lako la kazi ya maisha. Hakuna chuo kinachotoa shahada ya kuongoza asasi kama hii, na waliowahi kuifanya vizuri walifika kwa njia za panya. Retraction Watch, inayofuatilia makala zinazofutwa, ilianzishwa mwaka 2010 na waandishi wa habari za tiba wawili, Ivan Oransky na Adam Marcus. Center for Open Science ya Marekani, inayohimiza utafiti wa wazi, ilianzishwa mwaka 2013, na mmoja wa waanzilishi wake, Brian Nosek, ni mwanasaikolojia. Kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, ilianza mwaka 1997 kama kundi dogo la wahariri wa majarida ya tiba waliokuwa wakikutana kuulizana: hii kesi wewe ungeifanyaje?

Ninayempenda zaidi ni huyo Iain Chalmers niliyemtaja, na ndiye ninayetaka umfikirie. Mwaka 1969 na 1970 alikuwa daktari kijana Gaza, kwenye kambi ya wakimbizi. Chuoni alikosomea udaktari alifundishwa kwamba mtoto mwenye surua asipewe antibayotiki mpaka zionekane dalili za maambukizi ya bakteria. Alifuata alivyofundishwa, na baadhi ya watoto walikufa mikononi mwake. Miaka baadaye aligundua kwamba majaribio yaliyoonyesha faida ya kuwapa mapema yalikuwa yameshachapishwa kabla hajaenda. Hakuna aliyemdanganya. Ushahidi ulikuwepo, umelala kwenye makabati, na hakuna aliyeukusanya ukamfikia daktari wa kambini.

Kitu hicho kilimkaa. Kuanzia 1978 aliongoza kitengo cha utafiti wa uzazi pale Oxford, akiwakusanya watu kupekua majaribio yote ya huduma za wajawazito. Mwaka 1992 kilifunguliwa kituo alichokiongoza, na mwaka 1993 ukazaliwa mtandao wa Cochrane, wa kukusanya na kuchambua majaribio ya tiba, ambao leo ni shirika la hisani linalofanya kazi dunia nzima. Tazama nembo yake: ile mistari midogo ya katikati si pambo. Ni matokeo ya majaribio ya dawa za kotikosteroidi kwa akina mama wanaotarajia kujifungua kabla ya wakati. Jaribio la kwanza lilichapishwa mwaka 1972, lakini hadi 1989 hakukuwa na uchambuzi uliokusanya yote pamoja, na wakati wote huo wakunga na madaktari wengi hawakujua kwamba dawa ile ya bei ndogo inaokoa njiti. Mtu anayeweka nembo ya namna hiyo kwenye barua zake anakwambia kwamba kazi yake ni ya hesabu ya uhai, wala haina uhusiano na kukamata mtu.

Na usidhani ni habari ya Oxford tu. Mbegu hiyohiyo ilifika karibu nasi. Chalmers alikuwa miongoni mwa waliojenga orodha ya dhana ambazo mtu wa kawaida anahitaji ili apime dai la tiba, na timu ya Makerere, wakiwemo Allen Nsangi na Daniel Semakula, ikaigeuza kuwa masomo ya shule ya msingi yenye kitabu cha katuni. Mwaka 2016 waliyajaribu kwenye shule 120 za Uganda, zaidi ya watoto 10,000. Katika shule zilizofundishwa, asilimia 69 ya watoto walifaulu mtihani wa kupima madai. Katika shule nyingine ni asilimia 27. Kazi ikaendelea hadi sekondari za Kenya na Rwanda pia. Kama asasi yako mpya inafikiria semina za maprofesa hotelini peke yake, waeleze habari hiyo.

Nimekupamba vya kutosha, sasa nikuumize kidogo.

Fedha. Huwezi kupiga picha data ambayo haikupikwa. Mfadhili wa kisima anapeleka nyumbani picha ya mtoto na bomba. Wewe utampelekea nini? Ndiyo maana ruzuku za kazi hii huwa fupi, na mkurugenzi hutumia karibu nusu ya muda wake akiandika maandiko ya kuomba fedha. Njia nyingine ni ada za wanachama, kama UK Research Integrity Office inavyotegemea vyuo. Ni njia nzuri, lakini ina mwiba wake: siku malalamiko yatakapohusu chuo kinacholipa ada kubwa kuliko vyote, utalala vipi? Sijawahi kupata dawa kamili ya hilo. Tulichofanya sisi ni kuandika mapema, kabla ya kesi yoyote, kwamba hakuna mwanachama anayezidi sehemu fulani ya mapato, na kwamba simu zinazopokelewa haziripotiwi kwa chuo chochote. Tulipoteza mwanachama mmoja kwa kipengele hicho, na bado nadhani tulifanya sawa.

Uzamivu. Nitakuwa mkweli: kwa nchi zetu utakugharimu usipokuwa nao. Utaingia ukumbini, mtu ataanza kwa “Prof., Dkt., na ndugu mkurugenzi”, nawe ndiye ndugu. Kujibandika cheo usichonacho hakutakusaidia. Pata mwenyekiti wa bodi ambaye jina lake linafungua milango, akufungulie, kisha akuache ufanye kazi. Na miaka yako tisa uwandani ni mtaji ambao maprofesa wengi hawana: ukisema “lengo hili la kaya 12 haliwezekani masika”, unasema kama mtu aliyetembea matope hayo.

Kitu ambacho hutakirudisha ni machapisho. Miaka mitano ya uongozi ni miaka mitano bila jina lako kwenye makala nyingi, na ukitaka kurudi kuwa mhadhiri mlango utakuwa umesinyaa. Wanaotoka kwenye asasi hizi niliowaona wamekwenda kwenye kamati za maadili, ofisi za utafiti za vyuo, majarida, na kwa wafadhili wenyewe. Hakuna niliyemwona akifa njaa, ila wawili walichoka vibaya, na wote wawili walichoka kwa sababu ileile: walibeba siri za watu peke yao. Usikubali nafasi hii bila mtu mmoja nje ya asasi, aliyeapa kutunza siri, ambaye unaweza kumpigia wewe.

Ingekuwa ni mimi, ningeikubali, lakini si kwa upofu. Miezi 18 ya ruzuku ni mifupi ila si aibu. Aibu ni ikiwa hakuna andiko lolote jipya lililokwisha kupelekwa. Omba kuona cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, na ripoti za mwaka walizopeleka kwa Msajili wa NGOs kama sheria ya 2002 inavyodai. Mtafute mkurugenzi anayeondoka, mnywe naye chai mbali na ofisi. Akisema “bodi ni watu wazuri sana” kisha akabadilisha mazungumzo, umeshajibiwa. Kama mwajiri wako wa sasa anaweza kukupa likizo bila malipo ya mwaka mmoja, iombe. Na mke wako asome bajeti hiyo pamoja nawe, maana ndiye atakayeibeba miezi ambayo ruzuku itachelewa, nayo itachelewa.

Yapo mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia, unahitaji kukaa na mtu. Mkataba wa mkurugenzi umpe wakili ausome kabla ya kusaini, hasa kipengele cha madeni ya asasi na nani anasaini hundi. Na kuhusu fomu zako 14: usipeleke nakala nyumbani kwenye simu yako, mle kuna majina na afya za watu. Usifute wala kusahihisha kitu. Andika kwenye daftari lako tarehe, ulichokiona, na namba za fomu bila majina. Kisha mwone mtafiti mkuu ana kwa ana, ukiwa na swali, siyo tuhuma: “Fomu hizi zinafanana, naomba tuzirudie kaya tano.” Mtafiti mkuu mwema atakushukuru kwa sababu umemwokoa. Akikwambia uache, nenda kwa katibu wa kamati ya maadili iliyotoa kibali. Ni haki yako, na kibali chenyewe kinataka mambo kama hayo yaripotiwe. Ukianza kutishwa, hapo ni wakili kabla ya yote. Tuna sheria ya ulinzi wa watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015, naye ndiye atakayekwambia kama suala lako linaangukia humo. Usitaje jina la mtu wala mradi kwenye kundi lolote la WhatsApp, hata la watu watatu.

Fanya hilo kabla ya usaili. Sababu yangu ni ya ubinafsi kidogo: nimekaa upande wa pili wa meza ile mara kadhaa, na swali ninalouliza kila mara ni “eleza mara ya mwisho ulipoona kitu kisicho sawa kwenye data, na ulifanya nini siku iliyofuata”. Wengi hunipa hotuba. Wewe utakuwa na tarehe.